Geji za Gari la Baba

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi kilichokuandama wakati wa baridi kimeshakuacha. Sisi huku tu wazima. Mama anaendelea vizuri, nyonga yake haimsumbui tena isipokuwa akipanda ngazi. Habari ya kweli ya nyonga hiyo najua huijui, nitaifikia. Baba naye ni mzima wa mwili, anakula na analala, na nguo zake zinamtosha vilevile. Habari zake nyingine ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Dada, umenisifu hadi nikaona haya peke yangu. Umesema hukutegemea kama nitaweza, umesema umemsimulia shemeji jinsi mdogo wako alivyokua ghafla akiwa na miaka arobaini na mbili, na unataka nikueleze nilimwambia nini Baba mpaka akaacha kuendesha gari bila ugomvi. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Kila nikitaka kuijibu nakumbuka kuna betri ya kuchaji, au kuna mteja aliyesema atapita. Leo karakana nimeifunga, wateja hakuna, visingizio vimeniishia. Nitakueleza yote kwa mpangilio, na nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu.

Unalikumbuka gari siku Baba alipolileta nyumbani. Lilikuwa kuukuu hata wakati ule, rangi ya maziwa, viti vyekundu vya ngozi, na dashibodi ya mbao yenye geji za duara zilizopangwa mstari: ya mafuta, ya joto, ya presha ya oili, ya chaji, na ile kubwa ya spidi. Wewe ulikuwa darasa la tano, mimi sijaanza shule. Wiki haikuisha kabla Baba hajaingia chini ya dashibodi na koleo akazikata nyaya zote, isipokuwa spidi, ambayo alisema ni ya polisi, si yake. Alisema dereva anayetazama mishale hasikilizi gari. Mama alimwuliza inakuwaje mtu mwenye akili timamu anunue saa kisha aing'oe mishale, na Baba akajifanya hakusikia. Wakati ule alikuwa anajifanya. Tangu siku hiyo mishale minne ikalala upande wa kushoto, miaka thelathini na sita, na Mama akaanza kuliita gari mke mwenzake kwa sababu, alisema, lilikuwa linaguswa na kusikilizwa kuliko yeye.

Jumamosi zile pia unazikumbuka. Alikuwa akitupanga mbele ya boneti iliyofunguliwa, injini inanguruma, tumefumba macho, kila mmoja kwa zamu ameweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya moto ya injini. Ukiweza kuhesabu hadi tatu bila kuondoa mkono, injini ina amani. Ukiondoa kwenye moja, zima haraka. Geji ya joto ya Baba ilikuwa kiganja chake, na ya oili ilikuwa sikio lake. Wewe ulikuwa unapatia kila mara, hata mlio wa vali uliusikia, na ninajua mpaka leo Baba anaamini makenika halisi wa nyumba hii alikuwa wewe na serikali ikakuchukua kukufanya mwalimu. Mimi nilikuwa nabahatisha. Nilipochagua umeme wa magari akanipa jina la Bwana Nyaya, maana kwake yeye fundi umeme ni mtu aliyeshindwa kuwa fundi. Nina karakana yangu mwaka wa kumi na nane sasa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunipa hata balbu ya gari lake niibadilishe.

Kwa hiyo fikiria nilivyoshangaa, miezi mitano iliyopita, nikiwa chali chini ya dashibodi ya pikapu la watu, kuona viatu vya Baba vimesimama mlangoni. Alisalimia kila mtu kwa sauti kubwa, akazungukazunguka akitazama mabunda yangu ya nyaya ukutani, kisha akaniuliza kama geji za gari lake zinaweza kufufuliwa. Nilidhani ananitania. Akasema hapana, ameamua tu, gari limezeeka na kitu kilichozeeka kinastahili kupambwa, anataka kuona mishale ikisimama. Dada, nilifurahi kama mtoto. Sikujiuliza swali hata moja. Nilimwambia alilete kesho, akasema gari halitoki uani kwa ajili ya mambo ya nyaya, nije mimi.

Nilikwenda na sanduku langu. Baba akaketi kwenye usukani akawasha, injini ikashika mara moja, ikatulia, nami nikawa nazungumza naye dirishani kuhusu mahali pa kuanzia. Katikati ya mazungumzo akanyoosha mkono akageuza ufunguo tena. Unaujua ule mlio, meno ya stata yakisaga kwenye injini ambayo tayari inazunguka. Mama aliyekuwa jikoni alitoa kichwa. Jirani alitoa kichwa. Baba hakupepesa hata jicho. Aliendelea kushikilia ufunguo, akingoja injini iwake, mpaka alipoona boneti inatetemeka ndipo akauachia taratibu na kuuweka mkono mapajani. Nikajua. Naye aliona kwamba nimejua. Tukawa tunatazama usukani wote wawili.

Baada ya hapo kila kitu kikajipanga. Kwa nini alikuwa anatikisa kichwa na kusema naam naam kwa maneno yasiyotaka naam. Kwa nini hapokei simu zako. Kwa nini Mama akimwuliza habari za mboga yeye anajibu habari za mvua. Uliposema apelekwe kwa daktari wa masikio alisema masikio yake hayana kasoro, ni watu wa siku hizi wanaomung'unya maneno. Geji hakuzitaka kwa mapambo. Alikuwa haisikii tena injini yake, na hakutaka mtu ajue.

Wiki hiyohiyo Mama aliniita jikoni akafunga mlango. Hapa ndipo ilipo habari ya nyonga. Aliniapisha nisikwambie, na leo navunja kiapo, nisamehe wewe na unisaidie anisamehe na yeye. Mama hakuteleza bafuni kama tulivyoambiwa. Alikuwa anaanika mashuka nyuma ya gari, Baba akawasha na kurudi nyuma. Mama alipiga kelele, akaligonga buti kwa viganja vyote viwili, gari linakuja tu, hadi bampa likamlaza kwenye ukuta wa karo la kufulia. Kilichomwokoa ni shuka lililoanguka likafunika kioo cha nyuma, Baba akaona giza ndipo akasimama. Alimbeba kwa mikono yake hadi kitandani akilia. Kisha wakakubaliana, watu wazima wawili, kwamba ni bafuni.

Mimi nilikuandikia tu kwamba masikio ya Baba yamekuwa mabovu na bado anaendesha. Ukanijibu mistari miwili: mnyang'anye ufunguo kabla hajaua mtu, wewe ndiye uliyeko huko. Ulikuwa na haki, Dada. Lakini wewe unamjua Baba kama binti anayemjua, mimi namjua kama Bwana Nyaya. Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilikuja na hotuba nzima kichwani, nikafungua mdomo, akaniambia nimpe koleo, nikampa. Mara ya pili nilipaza sauti ili asikie vizuri, akasikia jirani, ambaye alinijibu kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba nimesema kweli kabisa, huku Baba akitazama mbinguni na kusema mawingu haya si ya mchezo. Mara ya tatu niliandika kwenye karatasi, nikaitia mfuko wa shati, ujasiri ukanikimbia, na Mama akaifua pamoja na shati. Nikitazamwa na Baba mimi ulimi unakuwa mzito. Sijakua, Dada, waambie na hao uliowasimulia.

Basi nikaendelea na geji. Tulizifanya Jumamosi tatu. Nilipoitoa dashibodi nilizikuta zile nyaya alizozikata, kila ncha imefungwa kitambaa na kushonwa kwa uzi ili isiguse chuma, kazi safi kuliko ya wanafunzi wangu wengi. Skrubu zake zote zilikuwa ndani ya kopo, hakuna iliyopotea. Baba alikaa kwenye kigoda pembeni akinipa bisibisi kabla sijaiomba. Alikuwa anauliza huu unakwenda wapi, na huu je, nami naandika majibu kwenye tepu na kuibandika juu ya kila waya asome. Kwa mara ya kwanza maishani yeye anauliza mimi najibu. Niliweka sensa mpya ya joto kwenye injini, nikabadilisha boya la tangi la mafuta, nikavuta nyaya mpya pale ambapo za zamani zilikuwa zimekakamaa. Jumamosi ya pili alichungulia mahali nilipounganisha, akapapasa kwa kidole, akasema kiungo hiki ni safi. Ni maneno manne tu, lakini nilirudi nayo nyumbani kumwonyesha mke wangu.

Jumamosi ya tatu nikafunga betri, Baba akageuza ufunguo na mishale yote minne ikaamka. Mafuta nusu tangi, chaji sawa, oili juu, joto likaanza kupanda polepole. Baba alimwita Mama akamketisha kiti cha mbele aone. Mama akasema kumbe mke mwenzake alikuwa na macho siku zote, alikuwa anamfumbia tu. Baba hakusikia, ikabidi nimwandikie kwenye tepu, na aliposoma alicheka mpaka akajifuta machozi. Niliwatazama wale wawili ndani ya gari lililosimama nikatamani kila kitu kiishie hapo.

Jumatatu alitoka kwenda kunyoa. Hakufika hata kwa kinyozi. Kabla ya njia panda mshale wa joto uliingia kwenye nyekundu. Akaegesha pembeni, akafungua boneti, akaweka kiganja kwenye mpira wa rejeta, akahesabu tatu. Mpira ulikuwa vuguvugu kama siku zote. Akahesabu hadi kumi. Akarudi kutazama mshale: nyekundu. Alingoja saa nzima gari lipoe, akarudi mwendo wa pole, akaja moja kwa moja karakana kunieleza. Nilimwambia aangalie maji.

Aliangalia maji. Aliifungua rejeta akaipeleka kuzibuliwa. Alitoa themostati, akaichemsha kwenye sufuria ya Mama ili aone kama inafunguka, ikafunguka vizuri kabisa, Mama naye akafunguka kuhusu sufuria yake. Akabadilisha pampu ya maji. Mshale ukaenda kwenye nyekundu. Akaifungua silinda hedi, kichwa chenyewe cha injini, Dada, peke yake, na mikono ile inayotetemeka siku hizi, nati moja moja, akazipanga kwenye shuka uani, siku kumi na mbili. Hakukuta ufa, hakukuta kitu. Akaweka gasketi mpya akafunga. Mshale ukaenda kwenye nyekundu. Nikipita jioni kutoka kazini namkuta amesimama mbele ya boneti, amefumba macho, kiganja kwenye mpira, midomo inahesabu. Alikuwa anafika hadi hamsini.

Siku moja akanishika mkono akauweka kwenye mpira karibu na wake, akaniuliza nasikia nini. Nikamjibu. Kesho yake asubuhi alikuja karakana kwa miguu, akauweka ufunguo wa gari mezani kwangu katikati ya fyuzi, mbele ya wateja watatu. Akasema kwa ile sauti yake kubwa ambayo hajui kuwa ni kubwa kwamba masikio yake yameondoka kidogo kidogo mwaka wa nne sasa, na alimficha mama yangu hata baada ya kumgonga. Alikuwa akijiambia kwamba bado ana mkono, mkono unatosha. Sasa na mkono umekufa. Unashika kitu kinachochemka unamwambia hakijapata moto. Mtu asiyesikia injini wala kuhisi ikiungua hana kazi barabarani. Aliniomba niwe naliwasha gari mara moja kwa wiki lisigande. Kisha akanishukuru kwa geji zangu, akasema bila hizo angeiunguza injini na asijue. Mteja mmoja alimwachia kiti.

Ndipo nikakuandikia kwamba Baba ameutoa ufunguo mwenyewe kwa hiari yake. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, niliipima sana kabla ya kuiandika.

Dada, gari halikuwahi kuchemka. Hata siku moja. Nyuma ya geji ya joto, ndani ya tepu nyeusi, niliweka rizista, kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kuufanya mshale usome zaidi ya ukweli. Injini ikiwa baridi huoni kitu. Injini ikipata joto lake la kawaida, mshale unasema inaungua. Nilikitafuta dukani kabla ya ile Jumamosi ya tatu, nikakifunga wakati Baba amekwenda kunawa mikono ili tunywe chai. Niliona nimepata akili kubwa. Niliwaza hivi: Baba anaipenda injini ile kuliko nafsi yake, hawezi kuiendesha ikiwa na moto, ataliegesha, mimi nitasema vipuri vya gari la zamani namna hii havipatikani, na mambo yatakwisha bila mtu yeyote kumwambia usoni kwamba amezeeka. Niliona hata wewe na ukali wako usingebuni kitu kama hicho.

Nilichosahau ni kiganja. Nilisahauje, mimi niliyesimama Jumamosi zote zile nimefumba macho? Nilijua atakwenda kuupapasa mpira. Nilidhani atautazama mshale wangu na kusema, nilikwambia, vitu hivi ni vya kudanganya watu, na nilijiandaa kubishana naye. Miaka yote nimejiandaa kubishana naye. Sikufikiri hata kidogo kwamba ataniamini mimi.

Na ile siku aliponiuliza nasikia nini, mpira ulikuwa vuguvugu, ningeweza kuushika hadi wakati wa chakula. Nilikuwa na nafasi, Dada. Tulikuwa wawili tu uani. Nikauondoa mkono kwa haraka, nikavipuliza vidole, nikamwandikia kwa wino kwenye tepu: unaunguza, Baba. Akaisoma, akautazama mkono wake mbele na nyuma, akautia mfukoni. Rizista naweza kusema niliiweka kwa ajili ya usalama wa Mama. Kupuliza vidole nilikuwa nailinda kazi yangu isigunduliwe.

Tangu siku hiyo Baba hashiki kitu. Chai hainywi mpaka Mama aonje amwambie imepoa. Maji ya kuoga anamwita Mama atie kidole. Yule dereva wa teksi aliyekuwa akimletea gari lake tangu tukiwa wadogo ili Baba aliguse na kulisikiliza tu, alikuja juzi, Baba akamwambia aende kwangu, mikono yake imekwisha kazi. Akikaa anaiweka katikati ya mapaja. Namwona anavyoificha, na siwezi kuvumilia, natafuta kisingizio naondoka.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda nikaitoa rizista. Nikamchukua Baba nikamketisha kando yangu, tukazunguka mtaa mzima na soko lote, mshale umesimama katikati hausogei. Nikamwonyesha kwa kidole. Akautazama sana, kisha akasema nimeichezea geji ili nimfurahishe, na nirudishe kama ilivyokuwa, haifai kukichezea kipimo kinachosema kweli. Ndipo nikaegesha, nikachukua daftari la risiti nikaandika yote. Kwamba nilimdanganya, kwamba gari ni zima, kwamba mkono wake ni mzima. Nilibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Akavaa miwani akasoma mara mbili.

Akatabasamu, Dada. Akanisimulia jambo ambalo hajawahi kulisema mbele yetu. Babu alipokuwa akipofuka, Baba ndiye aliyekuwa akimwashia taa kila jioni ili asome. Babu akilalamika kwamba haoni herufi, Baba alimwambia tatizo ni utambi. Ili Babu aamini, Baba alikuwa akiukata utambi kwa mkasi mchana, kwa siri, taa iwake hafifu kweli. Babu alikufa akiitukana taa. Baba akanipiga begani, akasema naye alikuwa mtoto mwenye adabu kama mimi, kwa hiyo uongo wa namna hii anaujua harufu yake, na kwamba nisijisumbue, ameshakubali. Akaikunja karatasi yangu akaitia mfuko wa shati, akasema amefurahi kuzaa mtu. Nilimlazimisha ashike kikombe cha chai. Akasema ndiyo, ni cha moto, anauona mvuke.

Mama hajui lolote. Anaanika nguo zake nyuma ya gari anaimba, anasema uwanja umerudi kuwa wake, na usiku hakeshi tena akiwaza nani atagongwa kesho. Ndiyo maana hata kusema najuta naona kama namtakia mabaya. Nimefikiri kukuomba uje, kwa kuwa mkono wako ndio aliouamini tangu zamani. Ungeuweka kando ya wake juu ya mpira ule na kumwambia ni vuguvugu, angekuamini. Halafu ataniomba ufunguo wake. Masikio bado hayapo, Dada. Nikimrudishia mkono, namrudishia na gari, na Mama yuko nyuma na mashuka. Nimegeuza jambo hili kila upande, na kila upande kuna mtu naumiza. Sijui nikuombe nini. Labda nilitaka tu usinisifu tena.

Mke wangu anakusalimu sana na anauliza ile ahadi ya picha za watoto imeishia wapi. Watoto wangu wanawasalimu ndugu zao. Mama anakusalimu, anasema uvae vitu vya joto.

Baba ameingia sasa hivi, ameniona naandika, akaniuliza kwa ishara kama ni kwako. Amevuta kiti ameketi kando yangu. Anakusalimu wewe na mumeo na wajukuu zake. Anasema usiwe na wasiwasi naye, amepumzika. Anasema nikuandikie neno kwa neno, na anatazama kalamu mpaka nimalize, kwamba mdogo wako amemtengenezea geji zisizodanganya, na kwamba katika nyumba hii fundi ni huyo mdogo wako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Bwana Nyaya